Mdiria Wanne wa Nasrin

Mimi ni mtu wa kinyaa, sikatai. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, huosha kikombe changu mara mbili ingawa mama amekwisha kukiosha. "Nasrin, utakisugua mpaka maua yake yatoke," hunitania.

Jumamosi ile nilikiosha mara moja tu. Mwalimu Remigius alitaka sisi wanachama wa klabu ya mazingira tuwe stendi ya Moshi saa kumi na mbili na nusu, twende Marangu kuhesabu ndege. Tulipanda basi dogo, Kosta, na kabla hatujafika Himo mwenzangu Lucky akatapika mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko. Harufu ile ilinifuata njia nzima.

Tulipokewa na Mama Salvina, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, yaani mfereji wa asili unaoteremsha maji kutoka mlimani hadi mashambani.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia.

"Marahaba, karibuni. Leo sitaki maneno matamu, nataka hesabu. Ndege wa majini hawakai penye uchafu. Wapo wanaosema mfongo wetu hauna shida, nami nina wajukuu wawili wanaoharisha. Jioni kamati inakutana. Mkikosa ndege, Jumatatu naita msaragambo, kila nyumba itoke kuusafisha."

Mimi na Lucky tulipangiwa sehemu ya chini, lakini yeye alikuwa bado amelegea, akabaki na mwalimu. Nikashuka peke yangu katikati ya migomba. Loo! Nepi zilizotumika zilikuwa zimenasa kwenye mizizi, zimevimba. Kuku aliyekufa alielea, funza wakimtambaa machoni.

Nilikimbia hadi barabarani, nikakaa juu ya jiwe safi. Nikafungua kitabu cha picha za ndege, nikachagua waliopendeza. Nikaandika: mdiria wanne, chozi sita, shore tisa. Nani angejua?

Saa saba tulisoma hesabu zetu uani kwa Mama Salvina. Nilisoma yangu bila hata kumeza mate.

"Mdiria wanne?" Mama Salvina aliinua uso. "Wale wanaovua samaki? Kule chini?"

"Ndiyo, mama."

Aliandika polepole. "Aisee, basi mimi ndiye niliyekosea. Kama mdiria wamerudi, samaki wapo na maji ni mazima. Msaragambo siuiti tena."

Wakati huohuo mjukuu wake mdogo alipita akitoka kulekule chini na kidumu cha maji. Akakiinua mdomoni. Niliwaona wale funza tena, na safari hii kinyaa hakikuwa cha nepi wala kuku. Nilijionea kinyaa mwenyewe.

"Asinywe!" nilipiga kelele. "Mama, nisamehe. Sikuona mdiria hata mmoja. Niliona nepi na kuku aliyeoza, nikakimbia. Nimeandika uongo."

Wenzangu waliguna. Mwalimu Remigius alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Mama Salvina alimpokonya mtoto kidumu, akayamwaga maji, kisha akanitupia jozi ya mabuti ya mpira.

"Vaa. Twende tukahesabu."

Tulisimama kwenye uvundo ule saa nzima, mimi nimeziba pua kwa mtandio. Nilitamani kukimbia kila upepo ulipovuma. Walikuja kunguru kumi na mmoja, wakamdonoa yule kuku. Hakuja ndege mwingine yeyote. Nikafuta orodha yangu ya kupendeza, nikaandika hao kunguru, nikampa daftari.

Mama Salvina alisoma, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hii ndiyo nitakayoipeleka kwenye kamati. Jumatatu watu watatoka na majembe."

"Mama, bado nasikia kutapika," nilisema kwa aibu.

"Kinyaa si dhambi, mwanangu. Hata mimi kimenishika hapa nilipo. Lakini uchafu huu unanuka, kila anayeukaribia anaujua, na majembe ya kuuzoa tunayo. Uongo wako haukuwa na harufu yoyote. Ulikuwa mzuri, umeandikwa kwa mwandiko safi, na mjukuu wangu alikuwa karibu kuunywa."