Zamu ya Bingwa kwa Kozi

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alipanda hadi paa la shule kutazama tundu la hewa kwenye ukuta wa kinu cha unga cha jirani. Humo kozi wawili, ndege wadogo wawindaji, walilea makinda. Mwenye zamu aliandika daftarini alichokiona.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa.

"Nipande ngazi zote zile kwa ajili ya kindege?" alibeua mdomo. "Hiyo kazi ya wajinga."

Basi akaketi kivulini, akaandika: Jumatatu, makinda wanapiga mabawa. Jumanne, wanachungulia nje. Jumatano, wote wameruka, tundu ni tupu. Uongo mtupu, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Meneja wa kinu alikuwa akingoja habari hiyo ili tundu lizibwe. Mwalimu wa sayansi alilisoma daftari, akaliamini, akampelekea meneja habari. Alhamisi fundi mwashi akaegemeza ngazi ukutani, akapanda na ndoo ya saruji.

Bingwa alimwona akiwa uani na wenzake. Akisema, ataumbuka mbele ya shule nzima. Akinyamaza, makinda watazikwa hai. Na huyu shujaa alinyamaza, hadi tofali la kwanza likakaa. Ndipo akatoka mbio hadi chini ya ngazi.

"Fundi, usizibe! Shikamoo! Usizibe!"

"Marahaba. Kuna nini?"

"Sijui kama wameruka. Sikupanda hata siku moja, niliandika nikiwa kivulini."

Fundi akaondoa tofali, akachungulia. Makinda watatu walimkodolea macho, midomo wazi kwa njaa.

Fundi alishuka polepole, akamtazama Bingwa kama anayetazama ukuta uliopinda.

"Mimi nina timazi, napima ndipo najenga. Wewe mwenzangu unapimia kivulini?"

Wenzake walicheka. Bingwa aliona aibu mpaka machozi yakamlenga.

"Zamu ni yako hadi kinda wa mwisho aruke," alisema mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amefika hapo. "Na ukiwa juu, mwangalie mama yao. Husimama hewani akipiga mabawa, akitazama chini mpaka amwone panzi, ndipo anashuka. Yule unayemwita kindege hajawahi kudai ameona asichokiona. Afadhali umesema, lakini ukweli wako ulichelewa kwa tofali moja. Siku nyingine usiucheleweshe."