Maswali Kumi na Manne ya Fundi Saa

Kwa maelezo ya fundi cherehani, yule mgeni alikuja kisiwani kufa, na kifo chenyewe alikuwa amekipanga.

Alisema alimwona kwa macho yake mawili. Siku tatu mfululizo mwanamume yule, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikaa kwenye benchi la kampuni ya kuzamia, mkabala na kibanda chake, mikono mapajani, haongei na mtu. Siku ya nne ikawa Jumatatu, siku ambayo kampuni hufungwa. Mgeni akapita na mtungi wa hewa mgongoni, akaingia baharini peke yake kama mtu anayeingia chumbani kwake kulala. Fundi alimwita, hakuitika. Jumanne asubuhi mfagiaji wa ufukweni akamkuta amenasa kwenye ngazi za gati, miwani ya kuzamia imemshukia shingoni.

"Mtu wa kufa humjui, Afande?" fundi aliuliza, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Macho yake yalikuwa yameshatangulia."

Inspekta aliyaandika yote. Kisha akaomba kukaa kidogo kwenye kiti chake cha kushonea. Kutoka pale aliliona benchi, akauona mlango wa ofisi na dirisha lake dogo. Bahari hakuiona. Ghala la mitungi lilikuwa limeiziba yote.

"Alipoingia majini, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Fundi akatoa pini moja mdomoni. Akasema basi, labda kuingia kwenyewe hakukuona; aliona kupita. Na kumwita, alimwita moyoni. Halafu, ili yaishe, akamwambia Inspekta kwamba suruali yake imelegea kiunoni, kwani shemeji hana sindano?

"Hakuna shemeji."

"Basi ilete niibane bure. Hiyo ukimfukuza mwizi, atakayeanguka ni wewe."

Ripoti ya daktari ilikuja mchana. Mgeni alikufa maji. Hakuwa na kilevi mwilini wala jeraha. Lakini mtungi wake ulikuwa na hewa zaidi ya nusu, na valvu yake, ile ya kufungulia hewa, ilikuwa imefunguliwa robo mzunguko tu. Juu ya maji, kiasi hicho kinatosha kuvuta pumzi. Kule chini mwili unadai hewa nyingi zaidi, na kuipata kwa robo ile ni kama kutaka kukata kiu kwa kunyonya maji kwenye tundu la sindano.

Mwenye kampuni, aliyerudi kutoka bara Jumanne hiyo hiyo, alikuwa na jibu tayari. Mgeni aliiba vifaa, akafunga valvu mwenyewe, akajimaliza. Aliyasema haya akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Mkuu wa kituo naye aliipenda hadithi hiyo. Maiti ilikuwa isafirishwe Jumamosi, na jalada la mtu aliyejiua halina kurasa nyingi.

Ila palikuwa na dada wa marehemu. Alipiga simu mara mbili siku hiyo. Mara ya pili hakulia. Alisema kaka yake alikuwa fundi saa, mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo alikuwa wa dukani na nyumbani, nyumbani na dukani. Yeye ndiye aliyemsukuma aende likizo. Alimwambia, nenda hata mahali pamoja kabla hatujazeeka.

"Kama alijiua, niambie, Afande. Nijue kwamba nilimpakia mimi mwenyewe kwenye ndege."

Inspekta akamwomba siku mbili.

Chumba cha mgeni kwenye nyumba ya wageni kilikuwa na kitanda cha watu wawili. Mto mmoja ulikuwa na alama ya kichwa, wa pili haujaguswa. Viatu vilikuwa vimepangwa chini ya kiti. Mezani palikuwa na faili lenye barua pepe zilizochapishwa, za miezi mitano. Inspekta akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kusoma, na hadi jua linahama dirishani alikuwa bado anasoma.

Fundi saa alikuwa anachagua kampuni ya kuzamia. Aliziandikia tatu, akaziuliza maswali kumi na manne yale yale, kwa namba. Kiongozi mmoja huchukua wageni wangapi? Hewa ya mitungi hupimwa lini, na nani? Oksijeni ya dharura ipo, na aliyepo anajua kuitumia? Mtu aliyejifunzia kwenye bwawa tu, akapata cheti, kisha asirudi majini miaka ishirini, mnamfanyaje? Kampuni ya kwanza ilimjibu kwa bei. Ya pili ilimtumia picha za samaki. Ya tatu, hii ya hapa, ilimjibu swali kwa swali, namba kwa namba.

Swali la kumi na nne lilisema: Nikiogopa kule chini?

Jibu lilikuwa: "Nitakushika mkono mpaka wewe uniambie niuachie. Mwalimu wa Kuzamia."

Baada ya hapo maswali hayakuwa na namba tena. Mvua imenyesha? Umekula? Dirishani kwako leo kuna nini? Na Mwalimu wa Kuzamia alijibu kila siku, hata Jumatatu.

Inspekta akalifunga faili. Mtu anayetaka kufa haulizi hewa imepimwa lini.

Mwalimu wa kuzamia alikuwa kijana mwenye mabega mapana, mcheshi, na alipoonyeshwa barua hizo alicheka.

"Mimi? Afande, mimi mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa naomba ruhusa shuleni. Muulize Karani."

Alieleza kwamba barua zote huandikwa na Karani, mama mmoja mkimya, na kwamba ni bosi aliyemwagiza aweke jina la mwalimu chini yake, maana wageni hawamwamini mtu wa mezani. Jumatatu hiyo yeye mwalimu alikuwa kwa wakwe zake tangu asubuhi. Watu kumi wangemtolea ushahidi, na tisa kati yao wangelalamika alivyokula.

Inspekta akamtaka wafuatane ghalani. Mitungi iliyojaa ilikuwa imesimama safu moja, kila mmoja umevalishwa kifuniko cha plastiki juu ya valvu. Mtungi ukitumika, kifuniko hutolewa. Jumapili jioni mwalimu aliiacha yote imevaa. Sasa mmoja ulikuwa polisi, ule wa marehemu. Na mwingine, kwenye kona kabisa, ulikuwa kichwa wazi. Mwalimu akaupima, ulikuwa umepungua theluthi. Hakucheka tena.

"Kwa hiyo hakuwa peke yake," alisema.

"Nionyeshe unavyokagua valvu ya mgeni."

Mwalimu akamvika Inspekta mtungi, akasimama nyuma yake. Mgeni hufungua mwenyewe, alisema, lakini kiongozi hupita mwisho kuhakiki. Hushika valvu, akaivuta kuelekea kwake mpaka igome, kisha akairudisha robo. Kama mgeni aliifungua vizuri, inagoma papo hapo.

"Siku zote kutoka nyuma?"

"Siku zote. Mbele utafanya nini, unamkumbatia?"

Inspekta akauvua mtungi. Akamgeuza mwalimu, akamvika yeye mtungi, akasimama mbele yake uso kwa uso. Akapitisha mkono juu ya bega lake, akaishika valvu na kuivuta kuelekea kwake. Ikazunguka, ikazunguka sana, mpaka ikagoma. Akairudisha robo.

Alikuwa ameifunga, ikabaki wazi robo tu.

Karani alikuwa mezani kwake, nguo ya mikono mirefu, joto lote lile. Alikuwa na miaka arobaini hivi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi, mlango wazi: kitanda kimoja, kikombe kimoja kimepinduliwa juu ya sahani moja. Dirisha la ofisi lilitazama benchi. Ungenyoosha mkono ungemgusa aliyekaa.

Inspekta akavuta kiti. Alimuuliza amefanya kazi hapo muda gani. Miaka tisa. Ana ndugu? Wapo, mbali. Amewahi kuzamia? Karani alisema mara nne, msimu usio na wageni, mwalimu alipokuwa na nafasi na moyo mzuri.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Siku nzima?"

"Mimi huwa ndani, Afande. Muulize yeyote. Hakuna atakayekwambia ameniona pengine."

"Kunja mkono wa nguo."

Hakubisha. Juu ya kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na alama nne za vidole, zimeanza kugeuka njano, na ya tano upande wa pili.

"Alikuwa na nguvu," Karani alisema taratibu, kana kwamba anamsifu.

Akaonywa kwa mujibu wa sheria. Akasema anaelewa, akasimama kufunga dirisha, na akafuatana na Inspekta kituoni bila kuuliza chochote.

Maelezo yake yalichukua mchana mzima wa Alhamisi. Mengi aliyasema akiitazama meza.

Mwanzo, alisema, ilikuwa kazi. Watu huuliza bei, unawajibu, hawaandiki tena. Huyu aliuliza vitu vya maana, na yeye alikuwa anayajua majibu yote, miaka tisa ameyasikia. Akayajibu. Mgeni akashukuru. Siku nyingine akauliza habari za mvua. Karani akatoka nje kuitazama mvua ili amjibu vizuri, na akagundua hajawahi kutoka kuitazama mvua kwa sababu ya mtu.

Alitaka kumwambia kwamba yeye si mwalimu. Aliiandika barua hiyo mara tatu. Lakini mgeni alikuwa ameshasema ameziacha kampuni mbili kwa sababu yake. Siku aliyofika alisimama mlangoni na sanduku lake, akatazama ndani, akasema, "Ni wewe." Hakuuliza. Karani akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu alimdanganya kwamba bahari imechafuka. Mgeni akasema si neno, ana likizo ndefu, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Walikuwa wakiongea hivyo, yeye ndani na mgeni nje, sauti ya chini, mwalimu na bosi wasisikie. Kutoka ng'ambo ungesema mtu yule haongei na mtu. Jumatatu hakukuwa na uongo mwingine uliobaki. Yeye akatangulia gatini na vifaa vyake alfajiri, mgeni akamfuata baadaye.

"Alifungua valvu mwenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Mwenyewe. Alikuwa mtu wa vitu vidogo vidogo, vidole vyake havikosei."

"Nawe ukaihakiki."

"Ndivyo mwalimu afanyavyo. Nikavuta, ikazunguka. Nikasema, afadhali nimeangalia, kumbe hakuifungua yote."

"Mwalimu husimama nyuma. Wewe kwa nini ulisimama mbele yake?"

Karani aliinua macho kutoka mezani. Nje mtu alikuwa anasogeza madawati.

"Nilitaka kumwona usoni," alisema.

Chini, kwenye mita kumi na tano, mgeni alionyesha koo. Yeye hakuelewa. Akaonyesha tena, kisha akamshika mkono. Karani aliona macho yake kwenye miwani, na hapo yote aliyoyajua kwa miaka tisa yakamtoka. Palikuwa na kinywa cha akiba cha hewa, cha kumpa mwenzako, kifuani pake mwenyewe. Hakukikumbuka.

"Hakuniambia niuachie," alisema. "Niliuchomoa. Nikapanda. Nikamsubiri juu. Nilimsubiri sana, Afande. Halafu nikarudi, nikaufuta mtungi, nikakaa mezani."

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Wangeuliza nilikuwa naye kama nani."

Inspekta akaandika: kuua bila kukusudia, kwa uzembe, kuficha kifo. Akamsomea maelezo yote, Karani akasahihisha tarehe moja, akatia saini kwa mwandiko mzuri wa barua.

Katikati ya hapo simu iliita chumba cha pili, Inspekta akaenda. Alimwambia dada wa marehemu kwamba kaka yake hakujiua. Alikuja kuzamia, na alichagua kwa makini kuliko mtu yeyote ambaye yeye Inspekta aliwahi kumwona. Dada akauliza kama alikuwa peke yake.

"Hapana. Palikuwa na mtu."

Dada hakuuliza zaidi. Alishukuru, akakata.

Aliporudi, Karani alikuwa amesimama tayari, askari wa zamu mlangoni akimngoja ampeleke mahabusu. Inspekta akakusanya karatasi. Kwenye kituo kizima palikuwa na mlio wa feni tu.

"Afande."

"Naam."

"Kesho utakuja?"

"Maelezo yako yamekamilika. Mahakamani ni Jumatatu."

"Najua," Karani alisema. "Nasema uje tu. Hata kama huna swali."

Inspekta alisimama na jalada kifuani. Askari wa zamu akakohoa, akaangalia funguo zake.