Kibanda cha Babu Folke

Kila likizo Signe alimsaidia bibi yake, Gunvor, kuandaa kifungua kinywa: mkate mkavu, siagi, jibini na birika la kahawa. Asubuhi hiyo kiti cha karibu na jiko kilikuwa kitupu. Babu Folke angezikwa mchana, kisha watu wangekunywa kahawa katika ukumbi wa kanisa na kumkumbuka. Signe, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyechaguliwa kusoma maneno ya familia.

"Soma nikusikie," bibi alisema.

Signe alisoma vizuri mpaka akafika kwenye neno la Kiswidi refu kama treni ya mizigo: järnvägsbrovaktarstuga. Akakohoa.

"Koo linaniuma, Bibi."

"Koo lake huuma kila likitokea neno refu," alisema binamu yake Malte, huku akitafuna. "Hata darasani. Anameza katikati, anatema mwisho. Lete nisome mimi."

Malte alinyoosha mkono. Signe aliishika karatasi kwa nguvu. Babu ndiye aliyezoea kumngoja amalize sentensi, hata supu ikapoa. Angewezaje kumwachia mwingine?

"Si koo," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kulisoma."

Bibi hakumkaripia. Alichukua kisu cha siagi, kile cha mti wa mreteni alichokichonga Folke, akakifuta, akaliziba neno lote isipokuwa mwisho wake.

"Maneno yetu marefu yaanzie nyuma. Hapa pameandikwa nini?"

"Stuga. Kibanda."

"Cha nani?" Bibi akakisogeza kisu.

"Vaktar. Cha mlinzi."

"Analinda nini?"

"Bro. Daraja." Signe aliinuka kitini. Macho yalimng'aa. "Na huku mbele ni järnvägs, njia ya chuma! Kibanda cha mlinzi wa daraja la reli. Ni kile kibanda cha Babu alipokuwa mlinzi!"

"Ndicho. Kwanza kata kwenye viungo, kama unavyokata kuku. Kipande kikizidi pumzi moja, kigawe tena: vak-tar, stu-ga."

"Bibi, neno linaweza kurefuka mpaka wapi?"

"Mpaka pumzi ikuishie. Babu yako alikuwa akiongeza mlango, halafu kufuli la mlango, halafu kutu ya kufuli."

Malte alicheka, akasahau mkate wake. Wakaanza kuyakatakata maneno yote ya jikoni, kuanzia kopo la kahawa hadi pakiti ya unga.

Alasiri, ukumbini, Signe alisimama na kisu cha siagi mfukoni. Alipolifikia lile neno, alitua. Malte akamtazama. Signe hakukohoa. Alilisoma polepole, kiungo kwa kiungo, *järn-vägs-bro-vak-tar-stu-ga*, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na Folke akakiweka kikombe chake chini, akainamisha kichwa.

Walipokuwa wakivaa makoti, Signe alitaka kumrudishia bibi kile kisu.

"Kaa nacho," alisema Gunvor. "Ila kumbuka ulivyokipata. Ungeendelea kukohoa, mjukuu wangu, ningekupa asali, na neno lingebaki pale pale. Uliposema huwezi, ndipo nikajua nikupe nini."