Mwanafunzi Aliyebaki Kwenye Kompyuta

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza ni nani aliyefanya somo la jioni ile ya mazishi. Kompyuta ilikuwa kabatini, imezimwa, na nyumba imejaa waombolezaji. Hata hivyo, fundi saa alipoiwasha siku chache baadaye, programu ya kunyoosha matamshi ya Kiingereza ilionyesha kwamba mkewe, aliyezikwa siku ile, alikuwa amesoma jioni hiyohiyo.

Marehemu alikuwa muuguzi. Alijiandaa kwa mtihani wa kuzungumza ili apate kazi ng'ambo, na kila alipotoka zamu alikaa mezani akirudia sentensi mpaka programu imkubalie.

"Ulimi wako unatafuta pasipoti," mumewe alimtania.

"Na wako umelala fofofo," alimjibu.

Fundi alibonyeza kitufe cha kusikiliza. Akamsikia akivuta pumzi, akimeza mate kama kawaida yake, kisha akisema sentensi yake ya Kiingereza. Hakuogopa. Alilia kwa furaha, na sioni wa kumlaumu. Programu ile hufunga masomo ya mwanafunzi aliyenyamaza muda mrefu. Basi kila alasiri akawa anaingia kwa jina la marehemu na kusoma sentensi kwa niaba yake, nafasi yake isipotee. Hapo ndipo alipokosea. Aliacha wazi nafasi ya mtu asiyekuwepo, na wapo wanaozurura wakitafuta nafasi kama hizo.

Kwanza ilikuja harufu ya sabuni ya wodini. Kisha sauti ikaanza kusema bila kubonyezwa. Kisha Kasuku, binti yao mdogo aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiotulia, akakaukiwa na sauti, na daktari hakuona kitu. Alasiri moja mama mkwe wa fundi alikuwa akikunja nguo, nyumba ikiwa kimya, aliposikia kicheko cha mjukuu wake kikitoka kwenye spika, kikifuatwa na sentensi ya Kiingereza iliyonyooka kuliko zote alizowahi kusikia pale, na alipogeuka akamwona Kasuku mwenyewe sakafuni, mdomo wazi, mabega yakitikisika, anacheka na sauti haitoki.

"Mwanangu," alimnong'oneza fundi, "huyo si mkeo."

"Mama, ni yeye. Sikiliza anavyomeza mate."

"Nimesikia. Na mtoto wako, umemsikia leo?"



Waliita mganga, mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza akiwa mlangoni, akakataa kuingia.

"Wako wawili humo," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mama wa mtoto, yaani yale masomo aliyosoma akiwa hai. Na kuna jini aliyejivika sauti yake, sasa anavaa ya mtoto. Mimi siwezi kuwatenganisha. Futeni sauti zote, la sivyo mtoto atabaki bubu."

"Hata za zamani?" fundi aliuliza. "Sina sauti yake nyingine popote."

"Hata za zamani, baba."

Wakakubaliana wafute kabla jua halijazama. Fundi akaketi. Mkono uliozoea kushika skrubu ndogo kama chembe za mchanga ukaelekea kwenye kitufe cha kufuta. Kwenye spika pumzi ikavutwa, mate yakamezwa, na kwa mara ya kwanza sauti ikakiacha Kiingereza.

"Baba Kasuku, usinifute."

Fundi akaurudisha mkono mapajani.

"Nipishe, baba," mama mkwe alisema. Hakuwahi kuigusa mashine ile. "Ni kipi?"

Alimwonyesha huku ameangalia ukutani. Bibi akainama karibu na spika, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Lala, mama," alimwambia bintiye.

Akabonyeza. Nyuma yao Kasuku akaanza kulia, kwa sauti kubwa, na bibi alikuwa bado hajakiondoa kidole.