Miguu Iliyowaka Moto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule hapo Nuu, Ndinda alimpelekea mamake maji na vidonge vya kifua kikuu. Mama alivitia mdomoni, na Ndinda akigeuka tu, akawatemea kuku. Mwaka ule wa 1978 kuku wa boma lile hawakukohoa hata mara moja.

Ndinda aliyajua hayo, na sababu pia aliijua. Mwanzoni, alipokuwa akivimeza, vidonge vilimwashia mama moto nyayoni. Alipotumbukiza miguu kwenye karai, kidogo maji yachemke. Akaogopa watu watasema amerogwa. Basi Jumapili moja alisimama kanisani akashuhudia kwamba Bwana amemponya, hahitaji dawa tena. Waumini wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Baada ya ushuhuda huo, angeonekanaje tena zahanati?

Kikohozi kilirudi, safari hii na damu. Mama alikonda, leso ikawa inamzunguka kama kamba kwenye kijiti. Ndinda alimsihi waende kwa daktari.

“Ukifungua mdomo, umeniaibisha mbele ya Mungu na watu,” mama alimwambia.

Ndinda akanyamaza. Darasani hakusikia neno. Alichoona ubaoni ni kaburi. Asubuhi moja mama aliposhindwa kuinuka, Ndinda alikimbilia zahanati, akamwambia Daktari Muthama kila kitu, hata habari ya kuku.

Daktari alifika kwa baiskeli. Alimchoma mama nyayo kwa ncha ya kalamu. Mama hakuhisi kitu.

“Hujarogwa, Mama Ndinda,” alisema. “Mwili husaga dawa hii kama jiwe linavyosaga mtama. Wengine wamezaliwa na jiwe kali. Lako ni butu, dawa inakawia mwilini mpaka inaumiza mishipa ya fahamu.”

“Na mwanangu je?”

“Huenda naye. Hurithiwa, kama pua. Sisi watu wa huku hakuna aliyetupima sana, kwa hiyo mimi hujua tu mgonjwa akisema.”

Alimwongezea vidonge vya vitamini vya kulinda mishipa hiyo, akaanzisha dawa upya, akitaka imezwe mbele ya macho yake. Moto ulipungua polepole, kikohozi kikakoma. Mama alisimama tena kanisani, miguu ikiyumba, akakiri kwamba alidanganya.

Ndinda alilia kwa kuitoa siri ya mamake. Daktari Muthama akamwinamia.

“Dawa ilimchoma mama miguu tu,” alisema. “Kilichotaka kumuua ni kunyamaza kwenu. Dawa ikikuumiza, usiitupe. Njoo useme.”