Maji Yanajaa Saa Ngapi?

Kila meli ya watalii ilipotia nanga Mumbai, Nazneen alimsaidia mjomba wake, Irfan, kutembeza wageni. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kabla hawajavuka kwenda kwenye kaburi la walii, lililo juu ya mwamba baharini, kumuuliza Sakina muuza maua maji yatajaa saa ngapi. Maji yakijaa, njia ya kwendea huko huzama.

Siku hiyo aliwakuta watoto wakicheza kriketi, akaomba zamu ya kupiga. Kwa Sakina hakufika.

"Umeuliza?" mjomba alimuuliza.

"Nimeuliza. Bado sana."

Wakavuka na mgeni mmoja, Bibi Margit, ajuza mwenye fimbo. Meli yake ilikuwa iondoke jioni hiyohiyo. Walivua viatu, wakaingia katika jengo la kaburi, na mjomba akaanza kusimulia habari za walii bila haraka, kama kawaida yake. Nazneen alichungulia nje. Wimbi lilipanda njiani, likarudi. La pili halikurudi lote.

Akisema, mjomba hatamwamini tena. Asiposema, bibi ataachwa na meli, au watavuka wamechelewa na kuzama.

"Mjomba," alisema, "nilikudanganya. Sikumuuliza Sakina. Maji yanakuja."

Mjomba hakugomba. "Chukua viatu. Mshike bibi upande huo. Twende."

Katikati ya njia maji yaliwafika magotini, yakawa yanavuta. Bibi Margit aliteleza na fimbo ikachukuliwa. Nazneen alitupa viatu, akamkumbatia kiunoni huku analia. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo maishani mwake.

"Usimwachie," alisema mjomba. "Hatua moja moja."

Walipofika, Sakina alikuwa amesimama ukingoni. "Irfan, una wazimu? Nani kakwambia uvuke na bibi wa watu saa hizi?"

Mjomba alimketisha bibi ukingoni.

"Ni mimi, shangazi," alisema Nazneen.

Bibi Margit aliiwahi meli, pekupeku.

Meli nyingine ilipokuja, Nazneen alibaki ndani ya gari la mjomba, kichwa chini. Mjomba akamfungulia mlango.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yetu nusura iishie majini. Uliposema kweli ulituokoa. Ungeisema mapema, bibi wa watu angekuwa na fimbo yake. Sasa unangoja nini? Nenda kamuulize Sakina."

Watoto wa kriketi walimwita. Nazneen alipita moja kwa moja hadi kwenye maua.