Kamba ya Zablon

Ndege ya kijeshi iliyozama karibu na Mbita wakati wa vita ilikaa ziwani miaka yote hiyo bila kibali. Ilipoonekana tu, ofisi tatu za Homa Bay ziligombea kuimiliki, na ya nne ikauliza nani atalipa ushuru wa maegesho.

Jirani yangu Zablon alipiga mbizi kwa niaba ya watafiti walioichunguza. Stanley, aliyemsimamia harusini, alibaki kwenye boti ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Zablon. Kuvuta mara moja: niko salama. Kuvuta mfululizo: nitoe.

"Shem, hiyo kamba ndiyo ndoa yangu," Damaris, mke wa Zablon, alimtania. "Usiiachilie."

"Nikiiachilia, mnizike mimi!"

Asubuhi moja Zablon alimwambia mkewe kuwa ameona saa ya rubani mfukoni mwa Stanley, na jioni atawaambia wakubwa. Adhuhuri Stanley alirudi na kipande cha kamba.

"Imekatika, shem."

Wapiga mbizi wenzake Zablon walitafuta mpaka ndani ya ndege. Hawakuona mtu. Ofisi ikaandika kwamba Zablon ametoroka kazini.

Kwetu, aliyemezwa na ziwa huzikwa kwa yago, lile tunda refu la mwegea, badala ya mwili, ili roho yake isitangetange. Lakini watu husubiri kwanza. Stanley hakusubiri. Alilileta tunda mwenyewe, limeshavikwa shuka.

"Tumzike, shem. Akitulia, sote tutatulia."

Damaris alikuwa akipapasa ncha ya kile kipande. Kamba ikikatika huacha nyuzi. Hii ilikuwa laini.

"Shem," akanong'ona kando ya kaburi, "kisu chako kiko wapi?"

Udongo ukaanza kumwagwa. Stanley akashtuka, akashika kiuno.

"Nani ananivuta?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Akavutwa tena. Akateremka kuelekea ziwani, kiuno mbele, kichwa nyuma, kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Tulimkimbilia. Tulikuta viatu tu, vikitazama maji.

Kesho yake, ncha ya kamba ilikuwa imechomoza juu ya kaburi. Laini. Imelowa.

Damaris akapiga magoti, akavuta mara moja.

Chini, mtu akajibu. Mara moja.

Damaris akalia, akatabasamu.

Kisha kamba ikaanza kuvutwa mfululizo, kwa pupa, na mkono mwingine.

Damaris akaitazama kidogo. Akaiachilia.

Ncha ingali pale. Kiangazi chote hiki, haijakauka.